Siku Tatu Nilizoziita Asubuhi Moja

Dada Sifa,

Bado nakusikia ukikanda unga. Inakuwa mchana, jua limesimama juu ya mabati, barabara ya Mubi imejaa pikipiki na lori zilizokwama kwenye tope, nami nimekaa nje kwenye kibao nikichekecha unga. Mara ndani inasikika: paa. Kimya kidogo. Paa. Vile vile ulivyokuwa ukilibamiza donge mezani kwa mkono wa kushoto. Siku za mwanzo nilikuwa nainuka naingia. Meza ilikuwa kavu. Siku hizi siingii. Nakaa nasikiliza mpaka uishe, kwa sababu nikiingia unanyamaza, na ukinyamaza ndipo naogopa zaidi.

Nimekaa miezi mingi bila kukuandikia. Nilijiambia huna usilolijua, maana wewe ulikuwepo. Zile siku zilikuwa ngapi, tunajua wewe na mimi. Lakini yapo yaliyotokea baada ya kukufukia, na hayo nadhani ndiyo unayoyaulizia kila mchana. Basi nisikilize, nikueleze yote, hata yale unayoyajua, kwa kuwa nikianzia katikati nitajificha tena.

Unakumbuka nilivyofika? Mtu mmoja wa kwetu Kasulu alinipigia simu akasema kuna kambi ya wajenzi, njia ya kwenda machimbo ya Bisie, wanatafuta mwokaji mikate. Mimi nilikuwa nimeoka miaka sita Kigoma mjini, kwenye tanuri la watu. Nikasema sasa na mimi nitoke, nikajaribu nchi ya watu. Nikavuka ziwa, nikapanda magari, nikapanda pikipiki, nikaingia Mubi na sanduku moja na cheti changu cha uokaji nimekifunga kwenye nailoni kisilowe. Simu ya yule mtu haikupatikana tena. Kule kambini mlinzi aliniangalia kwa huruma akasema, "Yule muntu alishaenda, mama. Na kazi ya mukate haiko."

Siku nne nilizunguka. Niliingia kila duka na kila mgahawa. Wengine waliomba karatasi za ukaazi ambazo sikuwa nazo. Mwenye duka la vipuri alicheka kabisa: "Bantu ba hapa beenyewe hawana kazi, njo utaipata weye?" Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningesema vile vile.

Siku ya nne wewe ukaniita. Ulikuwa umekaa kando ya barabara na karai lako la maandazi, kitambaa cha kijani kichwani. "Mama, umepita hapa mara mingi. Unatafuta muntu ao unatafuta njia?"

Nikajibu, "Samahani dada, natafuta kazi."

Ulicheka mpaka ukaweka kijiko chini. "Samahani dada! Kiswahili ya redio! Ikaa kwanza, ukule."

Nilikaa. Nilikula. Nikalala kwako siku hiyo, na kesho yake, na mwaka wa kwanza wote.

Uliniambia habari zako kidogo kidogo, kama mtu anayetoa maharage gunia lililotoboka. Kwamba ulizaliwa mlimani Masisi, kwenye familia ya kulima, mahali ambapo asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni kwa baridi. Kwamba ulimfuata mume huku kwenye msitu wa Walikale, mtu wa mitego na mashamba ya ndizi, akafa hamjapata mtoto, na ndugu yake Papa Musafiri hakukufukuza. "Banasema mi ni mugeni hapa pia," ulisema. "Tofauti yetu ni lac tu, ile ziwa. Wewe ulivuka maji, mi nilishuka mulima."

Wewe ndiye uliyesema tujenge tanuri. Udongo wa kichuguu alituletea nani kama si wewe, ndoo kichwani, ukigombana na siafu? Tukaenda ofisini kuandikisha. Bwana wa pale akasoma pasipoti yangu mbele na nyuma akasema biashara ndogo ndogo ni ya wenyeji, mgeni haruhusiwi. Nilianza kukunja karatasi zangu. Wewe ukasogeza kiti mbele. "Basi andika jina yangu. Mukate haina paseporo." Hata yeye alicheka. Akaandika.

Mkate wa kwanza uliungua nje ukabaki tope ndani. Tuliula hivyo hivyo. Wa pili ukaiva. Baada ya miezi michache madereva wa lori walikuwa wanasimama na kuita toka barabarani, "Mama Sifa! Mama Tanzania!" Nakumbuka nikimwandikia kaka yangu Kasulu kwamba nimepata. Sikusema nimepata nini. Nilikuwa nafikiri ni kazi.

Sasa nafika pale.

Ile kambi iliyonifukuza ilipata mpishi mpya. Akatuma mtu: tulete mikate siku tatu mfululizo, wakiipenda tutakuwa tunawaletea kila siku. Unajua nilivyokuwa. Nilifua aproni yangu mara mbili. Nilitaka yule mlinzi anione nikipita getini na vikapu.

Siku ya kwanza ulisema, "Mudogo yangu, niko nasikia baridi." Baridi, Mubi, saa sita mchana, mbele ya tanuri. Nilikushika shingo. Ilikuwa moto kuliko bati. Nikakupa vidonge viwili vya kutuliza homa nikasema, "Tumalize hii komande ya kambi kwanza, dada. Ni siku tatu tu."

Ni siku tatu tu. Hayo ni maneno yangu, kwa mdomo wangu.

Siku ya pili ulitapika nyuma ya tanuri ukafunika kwa majivu ili nisione. Niliona. Uliponawa ukarudi mezani ukaanza kubamiza donge, na mimi nikageuza uso nikahesabu makopo ya kuokea ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Aliyekuja ni Koko Agata, yule bibi jirani mliyegombana juu ya moshi wa tanuri kuingia kwenye mihogo yake. Mlikuwa hamsalimiani. Alikuja na bakuli la sombe, kisamvu chao, na ndizi, akaliweka mbele yako bila neno, kisha akanigeukia mimi. "Huyu mutoto iko mugonjwa. Umupeleke kwa munganga ya hospitali."

Nikatabasamu. "Tutampeleka, Koko."

Siku ya tatu ulinisaidia kupanga vikapu ukiwa umejishikilia ukutani. Ulisema, "Wende. Mi nitalala kidogo." Nikaenda. Mpishi alivunja mkate, akanusa, akala, akasema kuanzia wiki ijayo tulete kila siku. Nilirudi juu ya pikipiki nikiimba, Sifa. Nilikuwa naimba.

Ulikuwa umelala juu ya magunia ya unga, unaongea Kihunde cha kwenu mlimani, unamwita mama yako. Hilo neno moja nililijua. Tulikupandisha pikipiki, wewe katikati yangu na dereva, kichwa chako kikinigonga kifuani kwa kila shimo. Karibu na daraja ukarudi kwenye Kiswahili. Ulisema polepole, kama tuko kazini, "Angalia mukate, isiungue." Hukusema tena kitu.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza, "Alianza lini?"

Nikasema, "Leo asubuhi."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nimelitafuta. Naona kwamba nilisikia sauti ya mwenye duka la vipuri, nikaona yule bwana akigeuza pasipoti yangu, nikajiona mgeni aliyemfanyisha kazi mwenye nyumba yake mpaka akaanguka. Muuguzi aliandika kwenye karatasi: leo asubuhi. Akaanza dawa zake kwa mgonjwa wa asubuhi. Kama ningesema siku tatu, labda angefanya lingine. Labda hapana. Jua lilikuwa halijazama ulipokwenda. Swali hilo sitapata jibu lake mpaka tuonane, na hata hapo sina hakika kama nitathubutu kukuuliza.

Mama yako hakuweza kuja. Njia ya Masisi ilikuwa imefungwa na watu wenye silaha, hata simu haikushika mpaka siku ya tatu ya msiba. Tulikuzika hapa kwenye ardhi ya wakwe zako, mbali na mlima wako, mvua ikinyesha, kwaya ikiimba kwa sauti za mafua. Kila aliyenipa mkono aliuliza, "Ilikuwa nini?" Nami nikajibu kila mmoja, "Ghafla. Aliamka mzima." Kadiri nilivyosema ndivyo lilivyokuwa jepesi. Kufika jioni ya siku ya pili nilikuwa karibu kuliamini.

Lakini uongo wa hapa haukai pale ulipouweka. Mtu mzima kuamka salama na kufa siku hiyo hiyo, watu hawakubali kirahisi. Wakaanza wanawake pale kwenye maji. Wakafuata vijana wa pikipiki. "Ile haiko bure. Ile ni karuho." Karuho, sumu ya kutegewa mtu chakulani. Nani alimpa chakula? Ndipo wakalikumbuka lile bakuli la sombe. Wakakumbuka ugomvi wa moshi. Wakakumbuka kwamba Koko Agata anaishi peke yake, na kwamba siku ya ugomvi alikuambia, "Moshi yako itakurudilia."

Yeye alijitetea kwa ukweli. "Nilimupelekea sombe juu alikuwa mugonjwa. Siku moja mbele ya kufa alikuwa anatapika."

Nao wakamjibu, "Mutanzania anasema alikuwa muzima."

Unaona nilichofanya, dada? Mtu pekee Mubi nzima aliyekuhurumia, mimi ndiye niliyemgeuza muongo.

Vijana waling'oa bati mbili za paa lake mchana kweupe. Mvua ikaingia kitandani kwake. Papa Musafiri akawazuia wasimguse, akalichukua lile bakuli akalifunga kwenye nailoni, akatangaza kwamba Jumamosi ukoo utakaa na Koko atajibu. Kila mtu alijua mwisho wa kikao cha namna ile. Angefukuzwa Mubi kama ana bahati.

Ijumaa kaka yangu alinipigia. "Rudi nyumbani, Asteria. Nchi ya watu imekushinda, si aibu." Nilianza kupanga sanduku. Cheti, nguo mbili, picha yako ile uliyopigwa umeshika mkate kama mtoto mchanga. Nilikuwa nafunga zipu niliposikia chumba cha pili: paa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke. Paa. Nilipiga magoti pale pale. Nilikuomba unyamaze. Nilikuambia kwamba nikisema ukweli wataniua mimi badala yake, kwamba mimi nina mama, kwamba wewe umekwisha kufa na Koko ni mzee. Ndiyo, hayo pia niliyasema kwa sauti. Hukunyamaza. Sijui kama ulinizuia au ni miguu iliyokataa. Ninachojua ni kwamba Jumamosi ilinikuta bado niko Mubi.

Uwanja wa Papa Musafiri ulijaa. Koko Agata alikaa kwenye kigoda, kitenge chake bado kimelowa pindoni. Bakuli lilikuwa juu ya meza ndani ya nailoni lake. Papa Musafiri hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kama angekuwa nayo. Alikuwa amechoka na amekonda, akaniita kwa heshima. "Mama Tanzania, wewe njo ulikuwa na Sifa. Sema mbele ya bantu: ile asubuhi alikuwa muzima ao alikuwa mugonjwa?"

Nikasema, "Alikuwa mgonjwa. Siku tatu. Koko hajasema uongo. Muongo ni mimi."

Papa Musafiri aliinuka kidogo kwenye kiti.

"Siku tatu?" akauliza.

"Siku tatu."

"Na weye ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona. Tulikuwa na kazi ya watu. Nilimwambia tumalize kwanza."

"Juu ya nini haukusema?"

"Niliogopa, Papa. Mimi ni mgeni."

Mwanamke mmoja nyuma, hata sasa sijui ni nani, akasema bila kupaza sauti, "Na Koko, yeye haikuwa anaogopa?"

Nilisubiri mawe. Hayakuja. Kilichokuja kilikuwa Papa Musafiri kuweka mikono yake miwili juu ya uso na kulia kama mtoto, mbele ya vijana wote wale, na kusema, "Tungemupeleka sisi. Ungeita tu. Ni mulango mbili toka kwako." Halafu, "Ondoka mbele yangu kwanza."

Koko Agata alisimama. Hakuniangalia. Aliinyoosha mikono kuelekea mezani. "Munipe bakuli yangu." Wakampa. Alilitoa kwenye nailoni, akalifuta kwa kitenge, akalitia kwapani, akaenda zake. Watu walimpisha njia.

Papa Musafiri alifunga tanuri siku hiyo hiyo. Jina lilikuwa lako, nawe ulikuwa wa ukoo wake, sikuwa na la kusema. Ile kambi ikapata mwokaji mwingine. Nikarudi nilipoanzia: kutafuta kazi Mubi, mgeni, safari hii na sifa mbaya juu. Mama mmoja wa mgahawa alinipa kumenya mihogo nyuma, mahali wateja wasiponiona. Watoto walinipita wakisema "siku tatu, siku tatu." Mara moja mtu alitema mate karibu na mguu wangu. Nilijua ni haki yake.

Nilikwenda kwa Koko kuomba msamaha. Alikuwa anamenya maboga. Niliongea maneno mengi, ya Kiswahili ya redio kama ungesema wewe. Nilipomaliza akasema tu, "Bati yangu mbili." Basi nikatafuta ngazi, nikayapata mabati yake kwa wale vijana, mmoja wao akanisaidia kupigilia akiwa ameinamisha kichwa. Koko alituangalia toka chini. Tulipomaliza aliingia ndani akafunga mlango.

Unajua, katika siku hizo hukuwa unakanda. Ukimya ulikuwa mzito kuliko sauti. Nililala na kuamka nikikungoja.

Mwezi wa pili baada ya kile kikao Papa Musafiri alikuja mgahawani mwenyewe, akasimama mlangoni kwa nyuma. "Njia ya Masisi imefunguka kidogo. Mama yake anajua tu kama binti alikufa ghafula. Mi nilimuambia vile kwa telefone, juu wewe ulinidanganya. Sitabeba tena ile maneno. Wende umuambie weye mwenyewe. Ukirudi, tutaongea."

Ilinichukua siku sita. Pikipiki, miguu, pikipiki, miguu. Msitu ukaisha, milima ikaanza, na baridi uliyokuwa ukinisimulia ikanikamata masikioni. Kwenye kila kizuizi waliifungua pasipoti yangu. "Mutanzania anatafuta nini Masisi?" Nilisema nampelekea mama mmoja habari za mtoto wake. Mmoja wao, kijana mwenye bunduki, aliniuliza, "Habari nzuri?" Nikasema hapana. Akanirudishia pasipoti bila kuomba kitu.

Mama yako nilimkuta shambani, ameinama kwenye maharage. Hukuniambia kwamba unafanana naye hivyo. Nilimwona mgongo tu nikataka kukimbia, nilidhani ni wewe. Akageuka. "Njo weye mugeni wa Sifa?" Hata sikuwa nimesema jina.

Nilimwambia pale pale, kati ya mistari ya maharage, kwa sababu nilijua nikikaribishwa ndani na kupewa uji nitashindwa. Nilisema yote. Vidonge viwili. Majivu. Bakuli. Kuimba kwangu. Leo asubuhi. Alisikiliza akiwa ameshika jembe kwa mikono miwili. Nilipomaliza aliangalia upande ule mwingine wa mlima.

Kisha akasema, "Unaniletea muzigo yako nibebe. Mi niko na yangu."

Akainama akaendelea kupalilia.

Nilichukua jembe lingine lililokuwa mwisho wa mstari, nikapalilia nyuma yake. Hakunikataza. Siku tatu nilikaa kwake, dada. Tulipalilia, tulichambua maharage, tulikoka moto, na maneno yake yote yangetosha kiganjani. Siku ya mwisho, tukiwa tumekaa kwenye mkeka tukipepeta, akauliza, "Alikuwa anacheka?"

Nikamweleza. Jinsi ulivyocheka samahani yangu. Siafu wa kichuguu. Yule bwana wa ofisini na pasipoti ya mkate. Alicheka, kisha kicheko chake kikageuka katikati. Akasema ulikuwa mtoto wa kuficha ugonjwa tangu zamani, kwamba siku moja ulichimba viazi kutwa nzima na surua mwilini, wakagundua kwa kuwa ulianguka. Nikaanza kupumua. Nikafikiri, sasa ananifungua kamba. Akaniangalia machoni. "Lakini mi sikumuona ile siku. Weye ulimuona."

"Nilimwona, mama."

"Njo vile."

Asubuhi ya kuondoka alinifungia maharage kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka pale njia inapokata kuteremka. Jirani mmoja alipita akamuuliza huyu ni nani. Nilishusha macho. Mama yako akasema, "Huyu ni mugeni ya Sifa. Njo alimuzika." Kisha, jirani alipokwisha kupita, akaniambia, "Usikuye tena na ile maneno. Nimeisikia. Ukikuya tena, ukuye weye tu."

Nimetafuta maana ya maneno hayo, nije mimi tu, njia nzima ya kurudi. Sijui kama ni msamaha. Nadhani yeye hakukusudia kunipa jina la kitu alichonipa.

Papa Musafiri alinisikiliza nilipofika. Akaniuliza kama mama yako ana kuni za kutosha, kama paa lake linavuja. Kisha akatoa ufunguo mfukoni. Karatasi za tanuri sasa zina jina lake. Akasema, "Fungua. Lakini muntu akigonjwa hapa, hata kidole, nikuye kujua siku ile ile." Kwa hiyo sasa nina wanawake wawili wanaonisaidia, na mmoja akipiga chafya tu namfukuza akapimwe. Wananicheka. Wananiita munganga. Wacha wacheke.

Wateja wanarudi, si wote. Madereva bado wanaita toka barabarani, siku hizi jina moja tu, na kabla ya hilo jina naisikia nafasi ya la kwako. Koko Agata hanunui mkate wangu, na sidhani kama atanunua. Juzi alipita na mzigo wa kuni, akasimama, akaangalia moshi ulikokuwa unaelekea. Ulikuwa unakwenda kwake. Sikungoja aseme. Nimemleta fundi, tumeinua bomba la moshi futi kadhaa.

Na wewe umerudi. Siku ile ile niliyofungua mlango, kabla sijawasha moto: paa. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia, na kwa mara ya kwanza sikulia kwa hofu peke yake. Sitakuomba tena unyamaze. Kama una hasira, kaa nayo hapa, nyumba ni yako na hata karatasi zikibadilika jina udongo ule ni wewe uliyeubeba. Kama umechoka, nenda mlimani ukapumzike, mama yako ameacha nafasi kwenye mkeka, nimeiona kwa macho.

Kaka yangu bado anauliza nitarudi lini Kasulu. Nimemwambia nitakwenda kusalimia, kisha nitarudi huku. Hakuelewa. Maharage yakikomaa nitapanda Masisi kuvuna, nitakwenda mimi tu, kama nilivyoambiwa.

Kwaheri, dada Sifa. Nakuahidi hili, maana sina kingine cha kukupa. Bado wapo wanaofika toka mbali, wanawake mliokuwa mkiuza nao, madereva waliokaa muda mrefu Kisangani, ambao hawakusikia. Wanasimama mbele ya tanuri wanakutafuta kwa macho, nikiwaambia hayupo wananiuliza ulikufa nini. Zamani nilikuwa naangalia chini. Sasa naweka kikapu pembeni, nafuta mikono, naanza na siku ya kwanza.

Asteria wako,
Mubi